Daftari Lisilo na Kosa

Ta! Ta! Ta!

Chuma kiligonga chuma nyuma ya mlango kabla Humam hajavua viatu. Kikanyamaza. Kikarudi kwa nguvu zaidi, ta, ta, ta, kama mtu anayeuita mtaa mzima uje kuzima moto. Baada yake hakikufuata kitu: hakuna kilio, hakuna mguno, hakuna hata kikohozi.

"Pita, baba, pita," sauti ya mwanamke wa makamo ikamwita. "Njoo uone mwenyewe."

Humam alisukuma mlango. Bi Mahbuba alikuwa amepiga magoti juu ya zulia, mkono mmoja una upawa, mkono wa pili sinia la shaba. Mbele yake, juu ya kigodoro, alilala mjukuu wake Noof, mtoto wa kike wa miezi mitatu, macho wazi. Bi Mahbuba akalipiga sinia tena, shibiri moja kutoka sikio la mtoto. Kope zilipepesa mara moja. Kichwa hakikugeuka. Uso haukukunjamana.

"Hasikii?" Humam aliuliza.

"Anasikia! Hospitali wamempima jana. Masikio mazima, damu nzima, moyo mzima. Sasa kama kila kitu kizima, mbona mtoto kafa macho..." Akajiziba mdomo kwa kiganja. "Astaghfirullah. Nisamehe, mola wangu."

Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, Jumatano ya mwezi wa Juni 2004, na mji wa Sib tayari ulikuwa unaungua kwa jua. Humam alikuwa mpelelezi wa polisi, na kazi aliyopewa ilionekana nyepesi kama karatasi ilimoandikwa. Mkenya mmoja anayeitwa Truphena alikuwa ameshitakiwa kuwa ameghushi daftari ili apate cheti cha kuhudumia afya ya akili ya watoto wachanga. Mshtaki alikuwa Phyllis, Mkenya mwenzake, mwenye kituo cha watoto Ruwi na mwenye cheti hichohicho. Truphena alikuwa amewekwa chumba cha kusubiri karibu na uwanja wa ndege. Ndege ya kumrudisha kwao ilikuwa saa kumi na moja jioni. Humam alitakiwa kuthibitisha jambo moja tu, kisha kutia saini.

"Bi Mahbuba, nna suali fupi. Huyu Truphena ameandika kuwa alimzuru mkweo Khawla mara sita, Noof akiwa na wiki chache."

"Mara sita!" Bi Mahbuba alicheka cheko la ghadhabu. "Nyumba hii? Mlango huu nnaukalia mimi, baba. Paka wa jirani hapiti nisimjue. Mkenya niliyemwona mimi ni mmoja, Bi Phyllis. Na yeye ana cheti kikubwa kama dirisha lile."

Mlango wa ndani ukafunguka. Mahfoudh, baba wa mtoto, alitoka na kanzu yake iliyopigwa pasi na funguo za gari mkononi.

"Tumeshamaliza? Nimeomba ruhusa ya saa moja tu kazini."

"Karibu tumalize," alisema Humam. "Bi Phyllis anakuja lini tena?"

"Leo, baada ya alasiri. Anamchukua Noof siku kumi nyengine."

"Nyengine?"

"Zile za mwanzo alimfunza kutulia. Alikuwa analia, huyu! Hatulali. Jana karudishwa, hata mguno hana." Mahfoudh alimtazama mwanawe, akageuza macho haraka. "Ila hanyonyi. Tangu jana hajanyonya. Bi Phyllis anasema ni kawaida, zile siku kumi za pili ndizo za kula."

Pembeni, mgongo ukutani, alikaa msichana mwembamba aliyejitanda kanga mpaka kwenye nyusi. Alikuwa Khawla, mama wa mtoto. Mikono yake hakuipakata. Alikuwa ameikalia, viganja vyote viwili vimebanwa chini ya mapaja.

"Bi Khawla," Humam aliita kwa upole, "wewe unamjua Truphena?"

Macho ya Khawla yalimwendea mama mkwe, yakarudi chini.

"Huyo hasemi," alijibu Bi Mahbuba. "Keshakatazwa. Asimtazame mtoto, asimsemeshe, asimbebe mpaka apone. Yeye ndiye maradhi, kwa mujibu wa mtaalamu. Mimi sisemi, nimeambiwa."

Humam aliandika: *Sib, hakuzuru.* Akapiga mstari. Alipoinuka, jicho lake likapita juu ya rafu: picha ya Khawla, uso umevimba, amempakata mtoto wa siku chache, ukuta wa nyuma yake rangi ya kijani. Akaipita. Alitoa kadi yenye namba yake ya simu, akaiweka juu ya sinia.

"Likitokea lolote."

Hakuna aliyeichukua. Lakini alipokuwa anavaa viatu, aliona kadi haipo tena.

*

Kituo cha Phyllis kilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa, hatua chache kutoka stesheni ya mabasi ya Ruwi. Chini kulikuwa na honi, wauza kadi za simu na nyimbo za Kihindi. Humam alipanda ngazi, akafungua mlango wa kioo, na kelele zote zikakatika kama zimekatwa kwa mkasi.

Vitanda vidogo sita. Vyote vimeelekezwa ukutani. Katika kila kitanda mtoto, na kila mtoto macho.

"Karibu, Bwana Humam. Usivue viatu, hapa ni ofisi."

Phyllis alikuwa mwanamke wa miaka hamsini hivi, miwani imefungwa kwa mkufu, sauti ya chini iliyonyooka. Cheti kilitundikwa nyuma ya meza yake katika fremu ya dhahabu.

"Nieleze kama mtu asiyejua kitu," Humam alisema. "Mtoto wa miezi mitatu ana akili gani hata iugue?"

"Kila mtu huuliza hivyo." Alitabasamu. "Mtoto mchanga hana ugonjwa wake peke yake. Hata uzima hana wake peke yake. Uko kati yake na yule anayemlea. Sisi tunafanya kazi hapo katikati. Ndiyo maana cheti hiki hakitolewi kwa mtihani pekee. Unazuru nyumba za watu. Unaandika: nani, lini, wapi, uliona nini. Kila wiki unakaa na msimamizi, naye anakuuliza wewe mwenyewe ulihisi nini, ulikosea wapi. Miaka miwili. Na kila mwaka unapeleka daftari jipya, ama wanakunyang'anya."

"Na kumchukua mtoto siku kumi?"

"Sharti uwe umemzuru kwao mara tano, tena katika wiki za mwanzo kabisa. Mimi nafuata sheria." Alisukuma daftari jeusi mbele yake. "Tazama."

Humam alilifunua. Lilikuwa safi kama msahafu. Wino mmoja, mwandiko mmoja, hakuna neno lililofutwa. Kina mama kumi na wanne. Ukurasa wa Khawla ulisema: siku ya tisa, ya kumi na tatu, ya kumi na tisa, ya ishirini na sita, ya thelathini na tatu. Mahali: Sib, na namba ya nyumba. Nakala ya kadi ya hospitali ilibanwa pembeni. Namba ya nyumba ilikuwa ileile.

"Sasa tazama la huyu mwenzangu." Phyllis alilitoa daftari la pili kwa ncha za vidole. Lilikuwa limekunjamana, lina doa la chai, limefutwafutwa. "Mama huyohuyo, wiki hizohizo. Yeye ameandika wapi?"

"Qurayyat."

"Qurayyat! Zaidi ya kilomita mia kutoka nyumba ya mtoto! Mwongo akichoka hata ramani haangalii."

Humam alicheka. Walicheka wote wawili.

Kisha akasogea kitanda cha karibu. Mtoto wa kiume, labda miezi minne, alikuwa anautazama ukuta. Humam aliinama. Mtoto akafungua kinywa. Uso ukakunjamana, kidevu kikatetemeka, kifua kikapanda na kushuka, kila kitu kama mtoto anayelia kwa nguvu zake zote. Sauti haikutoka. Kinywa kikafungika, na macho yakarudi ukutani.

Humam alirudi nyuma, akagonga kitanda kingine. Hata huko hakuna aliyelia.

"Kwa nini hawalii?"

"Hawana haja."

"Mama zao wanakaa wapi wanapokuja?" Chumba kizima kilikuwa na kiti kimoja, cha Phyllis.

"Hawaji. Mama akija, kazi yote inaharibika."

Humam aliandika maneno hayo kama yalivyo. Juu yake, katika ukurasa huohuo, alikuwa ameandika dakika tano nyuma: *Tunafanya kazi hapo katikati.*

"Nitayachukua madaftari yote mawili," alisema.

"Langu pia?"

"Ili lile bovu liwe na la kulinganishwa nalo."

Phyllis alivua miwani, akaifuta taratibu. "Yarudishe kabla ya alasiri, tafadhali. Nina mtoto wa kumfuata Sib."

*

Saa saba kasoro robo Humam alikaa mbele ya Truphena. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na nane, amevaa sweta katika joto la Juni kwa sababu kiyoyozi cha chumba kile hakikuwa na huruma. Begi lake alilipakata kama mtu atakayeporwa.

"Afande, mimi si mwizi."

"Sijasema mwizi. Nimesema mwongo."

"Hata hiyo si mimi." Meno yake yaligongana. "Hiyo daftari ni miaka miwili ya maisha yangu. Nilikuwa nafanya kazi wodi ya wazazi, kusaidia manesi. Siku za mapumziko nazuru. Jumatatu nasimama kwa kibanda cha simu naongea na msimamizi wangu Nairobi. Nilikuwa nimebakisha vikao viwili. Viwili tu, afande!"

"Kituo cha Phyllis uliingia vipi?"

"Aliniita nimsaidie, eti atanifunza. Nilikaa wiki tatu. Niliona wale watoto. Nikamwambia, madam, hawa hawajatulia, hawa wamekata tamaa. Mtoto akilia asijibiwe, akalia asijibiwe, mwishowe anajua dunia haina mtu. Kesho yake polisi wakanishika."

"Hadithi nzuri." Humam alilifungua daftari lenye doa la chai. "Khawla anakaa Sib. Kadi inasema Sib. Mama mkwe anasema hujawahi kukanyaga. Kwa nini umeandika Qurayyat?"

Truphena alimtazama kama mtu aliyeulizwa kwa nini maji yana unyevu.

"Si ndiko nilienda?"

"Kadi inasema Sib!"

"Kadi ni ya hospitali, afande. Mimi nilifuata mtu, sikufuata kadi."

Humam aligeuza kurasa kwa hasira, akasoma kwa sauti ili amsute.

"'Siku ya kumi na tisa. Leo nilikosea. Mtoto alilia, nikamnyakua kwa mama kabla mama hajajaribu. Nilitaka nionekane najua. K. akaficha mikono yake chini ya mapaja, akaikalia. Sikumwelewa mpaka nilipokuwa kwa teksi narudi. Nilimwambia bila maneno kwamba mikono yake haifai. Wiki ijayo nimwachie mtoto wake, na mimi ninyamaze.'"

Sauti ya Humam ilikuwa imepungua kabla hajafika mwisho. Alisoma tena mstari wa mikono, kimoyomoyo.

"Hii ya kuikalia mikono, nani amekuambia?"

"Hakuna. Niliona."

"Anafanya mpaka leo."

"Anafanya bado?" Truphena aliinuka nusu. "Ai, hapana. Alikuwa ameacha! Wiki ya tano alikuwa ameacha. Nani amemrudisha huko?"

"Kaa chini." Humam aligeuza hadi ukurasa wa mwisho wa Khawla. Ulikuwa na mistari miwili tu. "'Siku ya arobaini na moja. Nimekuta chumba kitupu. Nimeambiwa amerudi kwa mumewe.'"

Kidole chake kilibaki juu ya tarakimu.

"Chumba kilikuwa na rangi gani?"

"Kijani. Dirisha liko na vyuma, na nje wameanika nyavu. Mamake alikuwa anampikia uji na samli, na uwatu, wao wanaita hulba, nyumba yote inanukia. Mimi pia nilikuwa napewa bakuli."

Humam alilifunga daftari. Dada yake mwenyewe, mwaka jana, alitolewa hospitali akapelekwa moja kwa moja kwa mama yao. Shemeji alikuwa akija jioni na mfuko wa matunda, anabisha hodi kama mgeni, anaondoka kabla ya isha. Nyumba zao zote ndivyo zilivyo. Mwanamke akizaa hurudi kwa mama yake, arobaini nzima, na siku ya arobaini na moja hurudishwa kwa mumewe. Humam alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Leo alipewa karatasi, akaiamini karatasi.

"Phyllis hujawahi kumwona akizuru?"

"Yeye? Hajawahi kuingia nyumba ya mtu. Anasema zinanuka samli."

Humam alilivuta daftari jeusi. Kina mama kumi na wanne. Ziara zote ndani ya siku arobaini. Kila ziara nyumbani kwa mume, kwa namba iliyonakiliwa kutoka kwenye kadi. Hakuna kosa. Hakuna siku aliyokuta mlango umefungwa. Akanyanyua simu ya mezani, akaanza kuwapigia mmoja mmoja.

Wa kwanza alikuwa mfanyabiashara wa Ruwi, jina lake Muhanna.

"Siku ya kumi na mbili? Mke wangu alikuwa kwao Nizwa, bwana. Mimi siku zile nilikuwa nakula mkate na jibini kama mfungwa. Kwani kuna nini?"

"Hakuna, sheikh. Mkeo alikuwa Nizwa mpaka lini?"

"Arobaini, sasa lini tena?"

Wa pili alikuwa mwanamke wa Sib. "Kwa mama yangu," alijibu, na kwa sauti yake alikuwa anajiuliza huyu polisi amezaliwa wapi. Wa tatu vivyo hivyo. Simu ya nne aliipiga Qurayyat. Ilipokewa na mama yake Khawla.

"Alikuja, ndiyo. Mara sita. Nilimkamata mwenyewe pale wodini, maana mwanangu alikuwa analia kutwa. Yule msichana alikuwa anakaa tu chini na sisi, mwanangu akaanza kumshika mtoto, akaanza kumwimbia." Kisha akashusha sauti. "Lakini watu wa Sib usiwaambie, baba. Watasema tumewaozesha mwenda wazimu."

Ndipo Humam akampigia mkuu wake, Hamoud. Saa nane kasoro dakika tano. Jumatano. Baada ya saa nane hapana ofisi mpaka Jumamosi, Alhamisi na Ijumaa ni mapumziko.

"Nataka Truphena asisafiri."

"Ushahidi?"

"Arobaini."

"Arobaini ya nini? Humam, mimi nimeshafunga droo. Usiniletee hadithi za wanawake. Nipe ushahidi."

"Bwana Hamoud, samahani sana. Mkeo alipojifungua, siku ya kumi na tisa alikuwa wapi?"

"Kwa mama yake," alisema Hamoud.

"Bi Phyllis amezuru kina mama kumi na wanne, wote kwa waume zao. Kawakuta wote."

Mlio wa droo ikifunguliwa ukasikika.

"Asisafiri mpaka Jumamosi. Na kituo cha Ruwi?"

"Peleka watu sasa hivi, na madaktari wa watoto. Kuna sita ndani. Usitegemee kuwasikia."

Aliirudisha simu. Haikupita nusu dakika, simu yake ya mkononi ikalia. Namba hakuijua. Upande wa pili palikuwa na pumzi tu, fupi fupi, kama za mtu aliyejificha kabatini.

"Nani?"

"Kaja," ilinong'ona sauti ya mwanamke. "Kaja mapema."

Laini ikakatika.

Humam alimwangalia Truphena, akaangalia mlango, akaangalia karatasi isiyokuwa na ruhusa ya kumtoa mtu yeyote chumba kile.

"Lete begi lako," alisema. "Twende."

*

Gari nyeupe ya Phyllis ilikuwa imesimama mbele ya nyumba, mlango wa nyuma wazi, injini inanguruma. Humam alipita mbio, viatu miguuni, Truphena na askari wawili nyuma yake. Phyllis alikuwa ukumbini tayari, mtoto mkononi, amefungwa nguo kama mzigo wa posta. Mahfoudh alikuwa amebeba kikapu. Bi Mahbuba alikuwa anamsomea mjukuu wake dua, anampulizia. Khawla alikuwa pembeni pake palepale. Mikono ameikalia. Mdomo wa chini alikuwa ameuuma mpaka unatoka damu.

"Bwana Humam," alisema Phyllis. "Umeniletea daftari langu?"

"Nimekuletea. Nna suali moja, nikurudishie uende zako." Alisimama katikati ya mlango. "Khawla ulimzuru kwanza lini?"

"Imeandikwa. Siku ya tisa."

"Na siku ya kumi na tisa?"

"Pia. Mara tano zote, kama sheria inavyotaka. Yeye mwenyewe hakumbuki, alikuwa mgonjwa."

"Ulimzuru wapi?"

"Hapa hapa. Katika chumba kile." Phyllis alionyesha kwa kidevu. "Mtoto anachoka, tafadhali nipishe."

Bi Mahbuba aliacha kupuliza.

"Chumba kipi?" aliuliza.

"Kile, mama."

"Siku ya kumi na tisa?" Bi Mahbuba aliinuka taratibu, mkono gotini. "Siku ya kumi na tisa Khawla alikuwa kwao Qurayyat. Samli ya arobaini nimempelekea mimi, kwa mkono wangu. Chumba kile kilikuwa kimefungwa na ufunguo nnao mimi."

"Labda ni siku nyingine, mama, mambo ni mengi..."

"Arobaini yote! Mahfoudh, mkeo alikuwa wapi arobaini yote?"

Mahfoudh alikiweka kikapu chini. "Qurayyat," alisema. "Nilikuwa nakwenda kila Alhamisi."

"Umemwona nani wewe katika chumba kitupu?" Bi Mahbuba alimkaribia Phyllis mpaka pumzi zao zikagusana. "Nimekuamini kwa karatasi. Nimeufunga mdomo wa mtoto huyu kwa karatasi yako. Nipe mwanangu."

"Kisheria, mzazi ameshasaini..."

"Nipe!"

Phyllis alimtazama Humam, akamtazama Truphena aliyesimama nyuma yake kizingitini. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi sauti yake ilipanda.

"Huyo hana cheti! Mnasikia? Hana chochote!"

"Sina," alisema Truphena.

Phyllis akamwachia Bi Mahbuba mtoto. Wale askari wawili wakamchukua Phyllis, na gari nyeupe ikazimwa.

Hakuna aliyeshangilia. Noof alikuwa mikononi mwa bibi yake na macho yake yalikuwa juu ya dari. Midomo ilikuwa imekauka. Bi Mahbuba akamgeukia Truphena, akamnyooshea mtoto kwa mikono miwili.

"Mchukue basi, mwanangu. Wewe ndiye unayejua. Mwokoe."

Truphena alivua viatu. Alikaa chini kwenye zulia, si karibu na Bi Mahbuba bali karibu na Khawla, bega kwa bega, na mikono yake mwenyewe akaifungia ndani ya sweta.

"Si mimi, bibi. Mimi nikimchukua, nitakuwa nimekosea mara ya pili." Akageuza uso. "Khawla. Ni mimi. Nimekuja kukaa tu."

Dakika zikapita nyingi. Humam aliitazama saa, kisha akaacha kuitazama. Nje, muadhini alianza kuadhini alasiri. Khawla aliegemea bega la Truphena. Kisha mkono mmoja ukachomoka chini ya paja, umekufa ganzi, mweupe, una alama za zulia. Mkono wa pili ukafuata.

Bi Mahbuba akapiga magoti, akamweka Noof juu ya mikono ile.

Khawla aliinamisha uso mpaka paji la uso wake likagusa la mtoto. Alikuwa anasema kitu, hakuna aliyekisikia. Macho ya Noof yaliiacha dari. Yalizunguka, yakapotea, yakarudi, yakasimama juu ya uso wa mama yake. Kinywa kikafunguka. Uso ukakunjamana. Kidevu kikatetemeka, kifua kikapanda.

Sauti haikutoka.

"Ataka kulia," alinong'ona Mahfoudh. "Mbona halii? Daktari, mbona halii?"

"Mimi si daktari," alisema Truphena, machozi yanamtoka. "Anaogopa hakuna mtu."

Bi Mahbuba alikuwa ameshauchukua mswala. Aliutupa. Alilala kifudifudi juu ya zulia kama mtoto mwenyewe, akaweka uso wake karibu na sikio lile alilolipigia sinia asubuhi, na akasema kwa sauti ambayo wote waliokuwa mlangoni waliisikia:

"Lia, bibi yangu. Lia uone. Ukilia nnakuja. Nikiwa jikoni nnakuja, nikiwa nimelala nnakuja, nikiwa juu ya mswala nnaikata sala nnakuja. Wallahi, Noof, hutolia tena peke yako."